Udongo wa Bonareri

Uji wa wimbi ulikuwa umeshapoa na kushika utando juu, na bado hakuna aliyekuja.

Bonareri aliupika alfajiri, chungu kizima, kwa sababu siku hiyo ilikuwa zamu yake. Wanawake wa kilima kile cha Nyacheki walikuwa na desturi ya kulimiana kwa zamu. Waliiita risaga, kama mama zao walivyoiita: leo kwako, kesho kutwa kwangu, na mwenye shamba hadaiwi kitu ila uji. Msimu ule Bonareri alikuwa amepalilia kwa kila mmoja wao. Alipalilia hata kwa mke wa fundi baiskeli, ambaye shamba lake ni mawe matupu na jembe hulia humo kama kengele. Sasa jua lilikuwa limepanda juu ya migomba, na majembe aliyoyasikia yalikuwa ya watu wa mbali.

Alifikiri kuna msiba. Alijifunga leso kiunoni akashuka njia ya pembeni kwenda kwa shemeji yake, Nyamweya, mdogo wa marehemu mume wake. Mashamba yao yalipakana. Onsongo, mume wake, na Nyamweya waligawiwa na baba yao kipande kimoja kilichokatwa katikati, na mpaka ulikuwa mstari wa maua ya isale tu.

Hakukuwa na msiba. Wanawake wote wa risaga walikuwa wamesimama ndani ya shamba la maharagwe la Nyamweya, pamoja na wazee watatu wa ukoo, na mbele yao alikuwa Nyamweya mwenyewe akizungumza huku ameshika mmea mmoja mkononi. Maharagwe yake yalikuwa yamegeuka manjano. Si manjano ya kukomaa. Yalikuwa bado hayajatoa hata maua. Yalikuwa yamedumaa, majani ya chini yamekauka, kama kitu kilichonyonywa.

Na hatua chache tu kutoka pale, ng'ambo ya isale, maharagwe ya Bonareri yalikuwa yamesimama ya kijani kibichi, yamejaa maua meupe.

"Mvua ni moja," Nyamweya alikuwa akisema. "Mbegu ni moja, tulinunua pamoja sokoni. Udongo ni mmoja, wa baba yetu. Basi niambieni, wazee wangu, ni kitu gani kinachojua kusimama pale kwenye isale?"

Wakati huo walikuwa wamemwona Bonareri. Mke wa fundi baiskeli aliinamisha uso. Persis, mke wa Nyamweya, alijifanya anamfunga mtoto mgongoni vizuri zaidi, na mtoto alikuwa amefungwa vizuri tangu hapo.

"Leo ilikuwa kwangu," Bonareri alisema.

"Leo tuna jambo, Moka Onsongo," alijibu mzee Nehemiah, mkubwa wa wale wazee. Ndivyo walivyomwita ukweni, mke wa Onsongo, hata baada ya Onsongo kulala kaburini miaka sita.

"Ninaliona. Liko manjano. Mnaliombea?"

Nyamweya alimgeukia. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti nzuri. Kanisani aliimba besi, na watu walipenda kumsikiliza hata akitangaza ng'ombe aliyepotea. "Mwaka jana," alisema, "ulisimama hapo ulipo ukaniambia tutaona ni shamba la nani litakalocheka mwisho. Ulisema, hukusema?"

"Nilisema."

"Wazee, mmesikia kwa kinywa chake."

Bonareri alimtazama Persis, kwa sababu siku ile ya maneno yale palikuwa na watu watatu tu penye isale: yeye, Nyamweya na Persis. Nyamweya alikuwa amelewa sifa wakati ule. Alikuwa mmoja wa wa kwanza kupanda chai kilimani, na kwa sababu ya chai alipata mbolea, magunia ya punje nyeupe kama chumvi, yaliyoletwa na lori hadi kituo cha kupimia majani. Chai ikishakula, alichukua kilichobaki akakimwaga kwenye maharagwe. Msimu wa kwanza maharagwe yaliinuka hadi magotini, majani mapana kama ya malenge. Watu walikuja kuyatazama Jumapili kama watu wanaotazama gari jipya. Maganda yalikuwa machache, lakini nani huhesabu maganda akishaona majani? Ndipo siku moja mwaka jana alipomkuta Bonareri akitawanya jivu la jikoni na samadi, akacheka, akamwambia bado anailisha mimea mavi na watu wameshafika mwezini. Naye akamjibu lile la kucheka mwisho. Ilikuwa jibu la mtu aliyekejeliwa. Mtu mwingine yeyote kilimani angalilisahau kabla ya kufika nyumbani.

"Persis," alisema, "uliwaambia na yale aliyosema yeye kwanza?"

Persis alikaza tena fundo la mbeleko.

"Acha kumsemesha mke wangu," Nyamweya alisema. Kisha akalitamka. Hakupaza sauti. Alilitamka kwa lugha ya nyumbani, ambayo haina mahali pa kujificha: "Omorogi." Mchawi.

Bonareri aliwatazama wanawake wale mmoja mmoja. Yupo aliyejifungua mikononi mwake wakati gari la hospitali lilipokwama kwenye tope. Yupo aliyelala kwake wiki nzima mume alipomfukuza. Alingoja mmoja aseme neno, neno lolote, hata kukohoa. Walitazama maharagwe.

"Tunataka jambo hili liishe kwa amani," mzee Nehemiah alisema. "Ule kiapo mbele ya ukoo kwamba hukuweka kitu, basi, turudi nyumbani."

"Kiapo cha nini?"

"Kwamba hukuweka kitu."

"Kitu gani, mzee? Kitaje. Nile kiapo juu ya kitu ambacho wewe mwenyewe hujui kama ni jani au ni jiwe?"

"Ukikataa watu watasema."

"Wameshasema. Nimewakuta wakisema." Alifungua leso kiunoni, akaikung'uta, akaifunga tena, kwa sababu mikono yake ilikuwa inatafuta kitu cha kufanya na alichelea itakachokipata. "Sili kiapo. Nyamweya aliyeniita hivyo ndiye ale. Aape aliniona."

Alirudi kwake akaumwaga uji wote kwenye shimo la samadi. Akachukua jembe, akalima peke yake mpaka viganja vikatoka malengelenge, na kila alipoinua jembe aliliteremsha kwa nguvu kuliko magugu yalivyohitaji.

*

Majuma yaliyofuata yalimfundisha jinsi mtu anavyoweza kuuawa bila kuguswa. Kisimani wanawake walimpisha ateke kwanza, kwa adabu nyingi mno. Kanisani, Jumamosi, maana walikuwa Wasabato, benchi alilokaa lilikuwa na nafasi ya watu watatu upande huu na watatu upande ule, na watoto walikuwa wamesimama nyuma. Alipeleka ndizi Mosocho, mbali ambako hawamjui, na hata huko akajikuta akiwatazama wanunuzi kama wanasita. Kemuma, binti yake aliyeolewa Nyamarambe, alipata habari akaja kumsihi ahamie kwake kwa muda.

"Nikiondoka watasema nimekimbia," Bonareri alimwambia.

"Na ukikaa, mama?"

"Nikikaa wataniona. Kila siku nitapita mbele ya nyuso zao, mpaka wachoke wao."

Hakuwa akilala vizuri, lakini hakuwa akilia pia. Hasira ilimlisha. Aliamka nayo, ikamwashia moto, ikambebea maji. Wakati mwingine aliogopa kwamba siku ikimtoka hatakuwa na kitu kingine cha kumsimamisha.

Ndipo alipokuja bwana shamba. Alikuwa kijana wa Nyamira aitwaye Abner Mogire, mwenye viatu vya mpira na kofia ya jua, aliyezunguka vilima kukagua chai. Alikuja kwa Nyamweya kwa ajili ya chai, akaisifu, na alipokuwa akitoka akayaona maharagwe.

Bonareri alikuwa upande wake wa isale aking'oa magugu. Alisikia kila neno.

"Haya yamepatwa na nini?"

"Hilo si la kilimo, bwana shamba," Nyamweya alisema. "Hilo tuna namna yetu ya kulishughulikia."

"Ulitia mbolea gani?"

"Mwaka huu sikutia. Bei imepanda, si unajua mambo ya mafuta huko duniani, hata iliyokuja haikutosha chai. Lakini miaka mitatu nimekuwa nikitia ile ya chai, tena kwa wingi. Shamba hili limekula kuliko watoto wangu."

Abner Mogire alichuchumaa. Hakuvuta mmea; alichimba kwa kijiti kuuzunguka, akaunyanyua na udongo wake, akaupukusa polepole. Mizizi ilikuwa myembamba, myeupe, mitupu kama nywele za mzee. Akachimba wa pili na wa tatu. Watu wawili waliokuwa wakipita walisimama, kisha wakawa watano, maana kilimani mtu akichuchumaa shambani mwa mwenzake lazima wengine wajue anatafuta nini.

"Haya ya ng'ambo ni ya nani?"

Watu walimtazama Bonareri.

"Yangu," Bonareri alisema.

"Shikamoo, mama. Naweza kung'oa mmoja?"

"Ng'oa. Chagua mwenyewe, wasije wakasema nimekuchagulia."

Kijana hakuuelewa ukali ule, lakini alivuka, akachimba, akauinua mmea juu watu waone. Mizizi yake ilikuwa imejaa vinundu vidogo vya duara, kama punje za mtama zilizogandishwa. Alikivunja kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu-chekundu, kama nyama.

"Mnaona damu hii? Ni dalili ya uzima," alisema. "Hivi vinundu ni nyumba. Ndani mna viumbe wadogo ambao jicho haliwezi kuwaona, tunawaita bakteria. Maharagwe huwapa sukari kutoka kwenye majani, nao huyapa maharagwe chakula wanachokichota kwenye hewa. Ndiyo sababu maharagwe ya mama huyu ni ya kijani na hakuyanunulia kitu."

"Na ya kwangu?" Nyamweya aliuliza.

"Ya kwako uliyaletea chakula mezani. Mbolea ile ni chakula hasa cha namna hiyo hiyo. Mmea ukikipata bure hauna haja ya kuwajengea hawa nyumba. Lakini hilo peke yake lisingekuwa kitu, wangalirudi. Ubaya ni kwamba mbolea ya chai huuchachua udongo, msimu kwa msimu. Chai hupenda uchachu. Hawa hawaupendi, hufa. Sasa mwaka huu hukuleta chakula. Maharagwe yamekaa mezani yakingoja, na mpishi alishakufa zamani."

Watu waliguna. Mtu mmoja nyuma alicheka, halafu mwingine. Kilikuwa kicheko cha watu waliotuliwa mzigo. Nyamweya naye alicheka, akajipiga paja.

"Kumbe ni mbolea tu," alisema.

Bonareri alikuwa amengoja siku hiyo. Alikuwa ameiomba kwa magoti: siku ambayo jambo lile lingeonekana wazi mchana kweupe mbele ya watu. Sasa imekuja, na badala ya kifua kushuka kilizidi kupanda. Lilikuwa lile *tu* la Nyamweya. Wiki zote zile, benchi tupu, kisima, binti yake akilia mlangoni, na yeye amezikunja zote kwa neno moja dogo akazitia mfukoni.

"Yatapona?" Nyamweya aliuliza.

"Haya, hapana. Ya msimu ujao, ndiyo. Acha ile mbolea kwenye maharagwe. Tia jivu kwa wingi, au chokaa ukiipata, na samadi iliyooza. Halafu unahitaji kuwarudisha wale viumbe. Hawauzwi dukani hapa kwetu, lakini wapo." Kijana alinyosha mkono kwa furaha, kama anayefichua zawadi. "Wamejaa hapo. Chukua ndoo chache za udongo wa mama huyu, tia kidogo katika kila shimo unapopanda. Ni kama kuazima moto jikoni kwa jirani."

Macho yote yalivuka isale pamoja.

"Hapana," Bonareri alisema.

Abner Mogire alitabasamu, akidhani hakusikia vizuri. "Ndoo chache, mama. Shamba lako halitapungukiwa."

"Nimesikia. Hapana."

"Ni udongo tu."

"Usiniambie *tu*," alisema, na sauti yake ilikuwa chini kiasi cha watu kulazimika kusogea. "Wewe ni mtoto wa watu na hujui umeingia katika nini, kwa hiyo sikulaumu. Umeyaeleza maharagwe vizuri sana. Mimi umenieleza? Mtu huyu alisimama hapo ulipochuchumaa akaniita mchawi mbele ya wazee. Alisema nimetia kitu shambani mwake. Leo anataka kuchukua kitu shambani mwangu, na nyote mnanitazama mimi kama mchoyo."

Tabasamu lilimtoka kijana. Alimgeukia Nyamweya, na Nyamweya alikuwa anatazama chai yake.

"Shemeji, tulikosa kuelewana," Nyamweya alisema hatimaye.

"Mimi nilielewa. Ulisema neno moja, nikalielewa. Lirudishe pale ulipolisemea, mbele ya wale uliowasemea, ndipo uje na ndoo."

"Mwanamume hawezi kuitwa mbele ya wanawake kama mwizi wa kuku."

"Lakini mwanamke aweza," Bonareri alisema, akaondoka.

*

Nyamweya hakulirudisha. Msimu wa vuli ulipokuja alitia jivu, akatia samadi, akapanda bila udongo wa jirani. Maharagwe yalitoka, yakasimama wiki tatu, yakaanza kupauka tena kuanzia chini. Watu walisema ni ukaidi wa Bonareri. Walikuwa wameacha kumwita mchawi. Sasa walimwita mwenye moyo mgumu, na aliyekuwa amemwita hilo la kwanza hakuitwa kitu.

Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Alimwambia mzee Nehemiah, alipokuja kumshauri habari za kusamehe saba mara sabini: "Nitasamehe atakaponiomba. Mzee, wewe uliniletea kiapo upesi sana. Mbona yeye humletei?" Mzee aliokota kofia yake akaenda zake.

Persis alikuja mchana mmoja, akiwa na kikapu kitupu. Alisimama uani kama mgeni, mtu ambaye zamani alikuwa akiingia moja kwa moja hadi jikoni na kufunua sufuria.

"Mama Kemuma," alisema.

"Amekutuma?"

"Hajui kama niko hapa. Angejua asingekubali." Alikiweka kikapu chini. "Nina kipande changu kule chini, kile alichonipa nilipoolewa. Nacho alikitia mbolea. Watoto wanakula ugali na mboga, ugali na mboga. Maharagwe ninanunua sokoni, mimi niliyekuwa nikiyauza."

Bonareri aliendelea kupeta wimbi. Makapi yalipeperuka kati yao.

"Wewe ndiye uliyewapa wazee maneno yangu," alisema.

"Ndiyo."

"Ukayakata nusu. Mavi ukayaacha nyumbani, kicheko ukakipeleka kwa wazee."

"Waliniuliza wewe ulisema nini. Hawakuniuliza mume wangu alisema nini."

"Na wewe huna mdomo usipoulizwa?"

Persis alianza kulia, na kilio kile kilimkasirisha Bonareri zaidi, kwa sababu alikuwa anakijua. Ndicho Persis alichokilia siku mtoto wake wa kwanza alipogoma kutoka, na mikono iliyomtoa ilikuwa hii hii inayopeta wimbi. "Nyamaza," alimwambia. "Kulia ni rahisi. Mimi sikulia, na mimi ndiye niliyekuwa na haki. Ulifikiri ni kweli? Niambie hilo moja. Usiku ule ulipolala, ulifikiri mimi niliroga maharagwe yako?"

Persis alijifuta kwa kanga. Alikawia kujibu, na hiyo ndiyo sababu Bonareri alimwamini.

"Siku ya kwanza, hapana. Halafu kila mtu akawa anasema. Ikafika siku nikapita hapa nikaona maua yako meupe, nikasema moyoni, labda."

Ungo ulisimama. Bonareri alikuwa amejiandaa kwa uongo. Alikuwa na la kuujibu uongo huo tayari mdomoni. Hili halikuwa uongo.

"Chukua kikapu chako," alisema baadaye. "Sitakupa udongo uani, kama mtu anayegawa vitu vya wizi. Jumatano wanawake wanapalilia kwa mke wa fundi baiskeli. Nitakuja. Ukitaka udongo, sema pale."

"Akijua atanipiga."

"Huenda." Hakumfichia. "Mimi sina namna ya kukukinga na hilo, isipokuwa mlango wangu, na unajua ulipo."

Jumatano Bonareri alibeba jembe lake akaenda. Alipofika mazungumzo yalikatika, kama yalivyozoea. Alianza mstari wake mwishoni kabisa akalima bila kumsalimu mtu. Jua lilikuwa limeanza kuuma wakati Persis aliposimama katikati ya mawe yale, jembe likiwa bado mkononi.

"Mimi nina neno," alisema. "Mwaka jana mume wangu alimtukana Moka Onsongo penye mpaka. Alimwambia anailisha mimea mavi. Yeye akamjibu kwamba tutaona nani atacheka mwisho. Ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilipeleka nusu. Mume wangu akamwita mchawi, naye si mchawi, na mimi nilikuwapo nikanyamaza, na ninyi mlikuwapo mkanyamaza. Nimemaliza."

Kisha mke wa fundi baiskeli, ambaye alikuwa mwoga kuliko wote, alisema, "Ni kweli. Tulinyamaza," akaketi juu ya jiwe.

Bonareri alitaka kusema kitu kikubwa. Alikuwa na hotuba nzima. Aliitunga na kuitungua miezi yote ile, akikoka moto, akiteka maji. Ilipofika wakati wake ilikuwa imekauka. "Limeni," alisema. "Jua linapanda."

Jioni ile kabla ya giza alimchimbia Persis udongo mwenyewe, kutoka katikati ya shamba ambako maharagwe yalikuwa yamezaa vizuri, akauweka kivulini na kuufunika kwa majani ya mgomba, kwa sababu bwana shamba alikuwa amesema wale viumbe hawapendi kuunguzwa na jua. Nyamweya hakumpiga Persis. Hakumsemesha kwa majuma kadhaa, na Persis alisema alilala vizuri kuliko wakati wowote katika ndoa yake.

Mvua za masika zilipofika Persis alipanda kipande chake, kiganja cha udongo kwa kila shimo, jivu juu yake. Nyamweya alipanda chake kwa njia yake. Ilipotimia miezi miwili hakuna aliyehitaji bwana shamba. Shamba lilikuwa limegawanyika kama nguo iliyoshonwa kwa vitambaa viwili: chini kijani, juu manjano. Lilionekana hadi barabarani, na waliobeba majani ya chai kwenda kituoni walisimama wakatua vikapu vyao, wakatazama.

Siku moja baada ya mavuno, Bonareri alikuwa akikata majani ya ng'ombe alipomwona Nyamweya katika kipande cha mke wake. Alikuwa ameinama na koleo, anajaza udongo kwenye karai. Alijaza likafurika, akalinyanyua begani, akaanza kupanda nalo kwenda upande wake.

Bonareri alivuka isale kwa mara ya kwanza tangu siku ile, panga la majani mkononi. Hakulikumbuka panga mpaka alipoona Nyamweya analitazama.

"Udongo huo wauchukua wapi?"

"Ni shamba la mke wangu."

"Wale waliomo ndani si wa mke wako. Walitoka kwangu. Nyamweya, mimi sikuzuii. Sema neno lile, ukapande. Hapa hakuna watu. Hata wanawake hakuna wa kukuaibisha. Niko mimi, na Mungu, na karai."

Alikuwa amesimama karibu kiasi cha kuona jasho likimtiririka Nyamweya kutoka kwenye nywele. Aliona mdomo wake ukifunguka. Kwa muda mfupi alifikiri atalisema, na mwili wake wote ulilegea kwa kulingoja, na akajishangaa jinsi alivyokuwa akilitaka, kama mtu mwenye kiu.

Nyamweya alilishusha karai, akalipindua. Udongo ulimwagika miguuni pake.

"Nina ardhi," alisema, "na ninajua cha kufanya nayo."

Alichofanya nayo kilionekana mvua zilizofuata. Aling'oa mabua yote ya sehemu yake ya juu akapanda chai, mpaka ukingoni pa isale. Na chai ilistawi. Udongo ulikuwa tayari umechacha, umelainishwa kwa ajili yake miaka yote ile, na miche ilishika kana kwamba imeitwa kwa jina. Aliuza majani, akaezeka nyumba kwa mabati, akaendelea kuimba besi kila Jumamosi, na sauti yake haikuharibika. Maharagwe ya nyumba yake yalitoka kwenye kipande cha Persis. Aliyala, na hakuuliza yametokea wapi.

Wanawake walirudi kupalilia kwa Bonareri. Aliwapikia uji, nao waliunywa, na wengine walikuwa wakimwomba udongo wa kupandia, maana habari ilikuwa imetembea. Aliwapa. Lakini kila aliyekuja alimchimbia mwenyewe, na alipokuwa akichimba alimwuliza, "Siku ile ulisimama wapi?" Na mtu alipaswa kumwambia: nilisimama karibu na isale ya mpakani, nilisimama nyuma ya Persis, sikuwapo lakini nilisikia nikakubali. Akishasema, alipewa kikapu chake. Walioona swali hilo ni ukatili walikwenda kuomba kwa Persis, naye hakumwuliza mtu chochote.

Nyamweya alimsalimu kila walipokutana njiani, naye akamwitikia, kwa kuwa salamu ni deni la kila mtu. Nyumbani kwa Nyamweya Bonareri hakuingia, maana neno lile lilikuwa bado halijarudishwa. Hata miaka baadaye, binti mkubwa wa Nyamweya alipoozwa, na Persis akaja mwenyewe kumwita, Bonareri alikubali kupika lakini alipikia uani, chini ya turubai, na mvua ikanyesha. Mtu alimletea kiti kutoka ndani ya nyumba ile, akakiacha ukingoni mwa turubai. Alikitazama kikilowa, akaendelea kukoroga.